Sheria Ikibadilika, Kazi Isisimame



Mada niliyopewa ni namna ya kupanga kazi za biashara ili ziendelee kufuata sheria hata pale sheria zenyewe zinapobadilika. Wengi huisikia mada hii wakadhani ni ya wanasheria na makampuni makubwa. Mimi naiona kuwa ni mada ya mshahara wa mlinzi wa geti, ya risiti ya duka la jumla, na ya mkulima wa kahawa anayesubiri malipo yake ya pili. Sheria ikibadilika na ofisi ikachelewa, anayeumia kwanza ni mtu wa chini: amekatwa fedha ambayo hakustahili kukatwa, au mchango wake haukufika ulikotakiwa, naye analijua hilo siku amelazwa hospitali.

Nina neno moja la kusema, na mengine yote yatakuwa ya kulithibitisha. Utaratibu wa kufuata sheria unaodumu ni ule ambao mwenye kuuunda alijua tangu mwanzo ni sehemu gani ya kazi yake itabadilishwa na wengine, akaiweka peke yake, akaiandikia tarehe, na akampa mtu wa kuiangalia. Mama anayemshonea mwanawe sare ya shule huacha pindo nene chini. Mtoto akirefuka, pindo linashushwa na sare inaendelea kuvaliwa. Ofisi zetu nyingi zimeshona sare zisizo na pindo, na kila Julai zinalazimika kununua kitambaa upya.

Hati moja ya mshahara

Tuanze na Kenya, kwa kuwa katika muda wa miaka miwili mitatu hati ya mshahara ya Mkenya imepita katika karibu kila aina ya mabadiliko ambayo sheria inaweza kuleta. Tumchukue mfanyakazi wa kufikirika anayelipwa shilingi 50,000 kwa mwezi, tuisome hati yake mstari kwa mstari.

Mstari wa kwanza ni NSSF, mchango wa pensheni. Kwa miaka mingi mfanyakazi huyu alikatwa shilingi 200 tu. Sheria mpya ya NSSF ilipitishwa mwaka 2013, lakini ilikwama mahakamani hadi Februari 2023, Mahakama ya Rufaa ilipofungua njia. Mwezi huo huo makato yakawa asilimia 6 ya mshahara hadi kikomo cha shilingi 18,000, yaani shilingi 1,080. Februari 2024 kikomo kikapanda hadi 36,000, makato yakawa 2,160. Februari 2025 kikapanda tena hadi 72,000, na kwa kuwa mshahara wake uko chini ya hapo, asilimia 6 ikahesabiwa kwa mshahara wote: shilingi 3,000. Kutoka 200 hadi 3,000 ndani ya miaka miwili, na mwajiri anachangia kiasi hicho hicho. Angalieni hapa kilichobadilika. Baada ya ile hatua ya kwanza, njia ya kukokotoa ilibaki ile ile; zilizosogea ni namba.

Mstari wa pili ni bima ya afya. Chini ya mfuko wa zamani, NHIF, mwenye kulipwa 50,000 alikatwa shilingi 1,200, kwa mujibu wa jedwali la ngazi: mshahara kati ya kiasi hiki na hiki, makato haya. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaupisha mfuko mpya, SHIF, baada ya kesi iliyofika Mahakama ya Rufaa. Jedwali likafutwa. Badala yake ikaja asilimia 2.75 ya mshahara wote, isipungue shilingi 300, na isiyo na kikomo cha juu. Mfanyakazi wetu sasa anakatwa 1,375. Hapa namba hazikusogea tu. Umbo lote la hesabu lilibadilika. Ofisi iliyokuwa na jedwali la ngazi ndani ya mfumo wake haikuwa na mahali pa kuandika asilimia. Ilibidi ijenge upya.

Mstari wa tatu ni ushuru wa nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kwa mwajiri. Mfanyakazi wetu anakatwa shilingi 750. Namba hiyo haijawahi kubadilika tangu ilipoanza, lakini fuateni safari yake. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitiwa saini tarehe 26 Juni 2023. Tarehe 30 Juni Mahakama Kuu ikaisimamisha. Tarehe 28 Julai Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio hilo, makato yakaanza. Tarehe 28 Novemba Mahakama Kuu ikatamka kwamba ushuru huo unapingana na Katiba, ila ikatoa muda kabla uamuzi haujaanza kuuma. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza muda, makato yakakosa msingi wa sheria. Na tarehe 26 ni siku ambayo ofisi nyingi zinakamilisha mishahara ya Januari. Tarehe 19 Machi 2024 Rais akatia saini sheria mahususi ya nyumba hizo, makato yakarudi katikati ya mwezi. Namba ni moja, sheria ilikuwa hai, ikafa, ikafufuka.

Mstari wa nne ni kodi ya mshahara, PAYE. Tarehe 27 Desemba 2024, siku mbili baada ya Krismasi, wakati waajiri wengi wamekwisha kulipa mishahara ya mwezi huo, marekebisho ya sheria za kodi yalianza kutumika. Ushuru wa nyumba na mchango wa SHIF vikawa vinatolewa kwenye mshahara kabla kodi haijakokotolewa. Awali utaratibu ulikuwa kukokotoa kodi kwanza, halafu kumpa mfanyakazi nafuu ya kodi kwa michango yake. Safari hii viwango vya asilimia 1.5 na 2.75 vilibaki palepale. Kilichohama ni mpangilio wa hatua: kilichokuwa cha mwisho kikawa cha kwanza.

Hati moja, mistari minne, na mabadiliko ya aina nne: namba, umbo, uhai wa sheria yenyewe, na mpangilio wa hatua. Nimekawia kwenye hati hii makusudi, kwa sababu wengi wakisikia habari ya kujiandaa kwa mabadiliko hufikiria namba peke yake. Mhasibu huweka kiwango kwenye kisanduku kimoja cha Excel, akaridhika kuwa kazi imekwisha. Kisanduku hicho kinamsaidia kwenye NSSF. Kwenye SHIF hakimsaidii. Kwenye ushuru wa nyumba anahitaji swichi ya kuwasha na kuzima, yenye tarehe. Kwenye PAYE anahitaji hatua zilizoandikwa kila moja peke yake, ili aweze kuzipanga upya bila kuzivunja. Aliyefunga hatua zote ndani ya fomula moja ndefu, siku ya tarehe 27 Desemba alikuwa hana pa kushika.

Kila kiwango kina tarehe zake

Sasa nishikilie jambo la tarehe, kwa sababu ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

Mwaka 2020, katika janga la Uviko, Serikali ya Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili. Tarehe 1 Januari 2021 ikairudisha kwenye 16. Ofisi zilizofuta 16 na kuandika 14, kisha zikafuta 14 na kuandika 16, ziliona zimemaliza. Ngoja mteja arudishe mzigo.

Mzigo wa shilingi 100,000 uliuzwa Desemba 2020, ukatozwa kodi ya 14,000. Mteja akaukuta na kasoro, akaurudisha Januari. Karani anafungua mfumo, anatoa krediti noti, na mfumo unaojua kiwango kimoja tu, yaani cha leo, unampa mteja marejesho ya kodi ya 16,000. Umerudisha shilingi 2,000 ambazo hukuzipokea, na ritani yako ya kodi sasa ina jambo ambalo mkaguzi ataliuliza. Krediti noti ni mtoto wa ankara yake, inafuata kiwango cha siku ankara ilipozaliwa.

Ndiyo maana nasema usifute kiwango cha zamani. Kiandikie tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma, kisha ongeza kipya chini yake. Mfumo, au daftari, uulize kwanza: shughuli hii ilifanyika lini? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua kiwango. Kenya na Tanzania zote mbili zinamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Katika miaka mitano afisa wa kodi anaweza kuuliza habari ya mwezi ambao kiwango chake kimekwisha badilika mara tatu. Asiyetunza historia ya viwango atajibu nini?

Tarehe ina upande wa mbele pia. Nchi zetu husoma bajeti katikati ya Juni, na mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Kati ya hotuba ya Waziri na siku ya kuanza kuna wiki mbili hivi, na ndani ya wiki hizo Bunge linaweza kubadili kilichosomwa. Wapo wanaosubiri hadi sheria ichapishwe ndipo waanze kufikiri, hao huchelewa. Wapo wanaobadili mifumo siku ile ile ya hotuba, hao hukosea. Juni 2024 Muswada wa Fedha wa Kenya ulipita Bungeni, na tarehe 26 mwezi huo Rais akakataa kuutia saini, baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya vijana. Aliyekuwa amekwisha kupanga bei zake na mishahara yake kwa muswada ule alilazimika kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Kanuni ninayowafundisha wahasibu ni fupi: andaa kwa muswada, washa kwa sheria. Soma muswada, kokotoa athari, andika mabadiliko pembeni, yajaribu. Usiyawashe mpaka sheria imetiwa saini na tarehe yake imejulikana.

Ofisi inapohama

Tuvuke mpaka. Tanzania Bara, hadi katikati ya 2019, mwenye kiwanda cha kusindika chakula au mwingizaji wa vipodozi alikuwa akisajili bidhaa zake kwenye mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Kuanzia Julai mosi ya mwaka huo, chakula na vipodozi vikahamia shirika la viwango, TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Kwa mlaji, unga ulibaki kuwa unga. Kwa mwenye biashara, mafaili, fomu, ada na maafisa aliowazoea vilikuwa vimehamia jengo jingine.

Ofisi iliyokuwa na faili lililoandikwa "Mambo ya TFDA" ilipata shida ya kujua kilichomo kimekwenda wapi. Ofisi iliyoandika wajibu wenyewe ilikuwa na kazi ndogo: "usajili wa bidhaa ya chakula", "usajili wa jengo la kuzalishia", "kibali cha kuingiza vipodozi". Kila wajibu ulikuwa na mstari wake, na ndani ya mstari huo kisanduku kimoja tu cha mamlaka husika ndicho kilichobadilishwa. Jina la taasisi ni taarifa iliyoambatanishwa na wajibu. Lisifanywe kuwa jina la wajibu. Tena anayepeleka mzigo Unguja anajua kwamba kule ana mamlaka za Zanzibar, ZFDA na ZBS. Wajibu unafanana, mamlaka ni nyingine, kwa hiyo mstari wake una visanduku viwili.

Kuna somo la pili kutoka Tanzania. Tarehe 28 Machi 2025 zilianza kutumika kanuni zinazokataza kupanga na kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Wenye hoteli, wenye shule binafsi na wenye nyumba za kupangisha walijikuta wakiuliza swali moja: hivi bei zetu tumeziandika wapi na wapi? Kwenye menyu, ndiyo. Kwenye bango la mapokezi. Kwenye tovuti. Kwenye fomu ya kujiunga na shule. Kwenye mkataba wa pango. Kwenye ankara inayotoka kwenye mfumo. Kwenye kipeperushi alichonacho wakala wa utalii Arusha. Kwenye ujumbe wa WhatsApp ambao mtu wa mauzo huutuma kwa kila anayeuliza.

Kubadili bango ni kazi ya asubuhi moja. Kugundua kwamba bei imejificha mahali panane ndiko kunakochukua siku. Biashara iliyowahi kuandika ramani yake, kwamba jambo hili la sheria linagusa karatasi hizi, skrini hizi na watu hawa, inaanza kazi siku hiyo hiyo. Biashara isiyo na ramani inagundua mahali pa nane mkaguzi akiwa amesimama pale.

Kusanya ukweli kabla ya fomu

Niwapeleke sasa kwa wakulima wa kahawa, kwa sababu sheria inayotugusa si lazima itungwe Dodoma au Nairobi. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayozuia kuuza katika soko lake bidhaa zilizotoka kwenye ardhi iliyofyekwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kahawa imo, pamoja na kakao, mbao, mawese, mpira, soya na ng'ombe. Mnunuzi wa Ulaya anatakiwa kujua shamba kila gunia lilikotoka: kwa shamba dogo alama moja ya GPS inatosha, na kwa shamba linalozidi hekta nne anatakiwa kuwa na mipaka yake yote.

Kanuni hiyo ilikuwa ianze kutumika kwa makampuni makubwa tarehe 30 Desemba 2024. Ikasogezwa mbele mwaka mmoja. Ikasogezwa tena. Kila ilipoahirishwa, wapo waliosema: mnaona, tuliwaambia, tungengoja tu.

Mimi nasema waliongoja ndio waliokosa. Fikirini chama cha msingi cha ushirika kwenye mteremko wa Kilimanjaro au huko Kagera. Wanachama wake wana vihamba vya ekari moja au pungufu, kahawa imechanganyika na migomba. Chama kikiamua kupima, katibu au kijana wa chama anapita kihamba kwa kihamba na simu yake, anaandika jina la mwanachama, namba yake ya uanachama, alama ya GPS, ukubwa, na mwaka ambao kahawa ilipandwa. Taarifa hizo hazimtumikii Mzungu peke yake. Zinakiambia chama kina miti mingapi, kipeleke pembejeo kiasi gani, kitarajie mavuno ya kiasi gani, na gunia lililokataliwa mnadani lilitoka wapi. Tarehe ya Ulaya ikisogea mara mbili au mara kumi, kazi hiyo haipotei.

Fomu ya Ulaya ikibadilika, chama kinapanga upya taarifa kilizo nazo. Kilichokusanya fomu zilizojazwa tu, bila kujua ukweli uliomo ndani yake, kitarudi shambani kuanza upya. Kwa hiyo, katika kila wajibu tenganisha mambo mawili: ukweli ambao sheria inataka kuujua, na karatasi ambayo leo inaitumia kuuliza. Ukweli utunze vizuri, kwako, kwa namna yako. Karatasi itabadilika.

Daftari la wajibu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Naomba tuliongezee daftari lile la mali daftari la pili, la wajibu. Linaweza kuwa kwenye kompyuta, linaweza kuwa kaunta buku ya duka. Kila wajibu uwe na mstari wake, na kila mstari ujibu maswali haya: Sheria inataka nini, kwa maneno ambayo karani ataelewa? Imeandikwa wapi, sheria gani, kifungu gani, na toleo lipi? Imeanza lini, na kama imekoma, imekoma lini? Inagusa hatua gani ya kazi yetu na karatasi zipi? Nani anaiangalia, na asipokuwepo nani anashika nafasi yake? Ushahidi kwamba tumeitimiza unakaa wapi?

Nisome sehemu ya mstari mmoja, wa biashara ya Tanzania. Wajibu: kulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL. Kiwango: asilimia 4 hadi 30 Juni 2023, asilimia 3.5 kuanzia Julai mosi 2023. Inagusa: hesabu ya mishahara ya kila mwezi na bajeti ya ajira. Mwangalizi: mhasibu; msaidizi wake ni ofisa utumishi. Ushahidi: ritani na risiti ya benki, kwenye faili la mwezi. Mstari huo unaandikwa kwa dakika chache, na mtu mpya akiajiriwa kesho anaweza kuusoma na kuifanya kazi. Hiyo ndiyo faida yake kubwa. Katika ofisi nyingi nilizoingia, ujuzi huu wote unakaa kichwani mwa mtu mmoja. Akiugua, au akipata kazi kwingine, biashara inabaki na viwango ambavyo hakuna anayejua vilitoka wapi.

Neno "toleo" nimeliweka kwa sababu. Tanzania imefanya urekebu wa sheria zake, na Toleo la 2023 limeanza kutumika Julai mosi 2025. Urekebu wa namna hiyo unaweza kupanga upya namba za vifungu. Mkataba wako unaotaja kifungu kwa namba ya toleo la zamani utamsumbua atakayeusoma baadaye. Andika toleo.

Daftari likiwepo, mabadiliko yakija yapite hatua nne, na kila hatua iwe na mtu wake.

Ya kwanza ni kusikia. Mtu mmoja apewe kazi ya kusoma Gazeti la Serikali, taarifa kwa umma za mamlaka ya kodi, na hukumu zinazohusu biashara yenu. Safari ya ushuru wa nyumba imetuonyesha kwamba mahakama inabadilisha wajibu sawasawa na Bunge. Kusikia kwenye kundi la WhatsApp hakutoshi. Ujumbe wa kundi uwe sababu ya kwenda kutafuta hati yenyewe.

Ya pili ni kuamua. Sheria mpya mara nyingi huacha swali. Makato ya nyumba yaliyorudi tarehe 19 Machi, je, yahesabiwe kwa mwezi mzima au kwa siku zilizobaki? Mwenye mamlaka katika biashara aulize mamlaka husika kwa maandishi, aamue, na aandike sababu za uamuzi wake na tarehe. Mkaguzi akija baada ya miaka mitatu atakuta biashara iliyofikiri na kuuliza. Hata kama hatakubaliana na uamuzi, atajua anazungumza na mtu mkweli.

Ya tatu ni kujaribu. Kabla ya kuwasha hesabu mpya, chagueni wafanyakazi watatu: wa chini, wa kati na wa juu, mkokotoe kwa mkono. Kwa SHIF, mwenye mshahara wa 10,000: asilimia 2.75 ni 275, ambayo iko chini ya kiwango cha chini, kwa hiyo anakatwa 300. NHIF ilimkata 400. Mwenye 50,000: 1,375. Mwenye 200,000: 5,500, ambapo NHIF ilikomea 1,700. Mfumo ukitoa majibu hayo matatu, umeelewa kiwango cha chini, umeelewa asilimia, na umeelewa kwamba hakuna kikomo cha juu. Ukitoa 275 kwa yule wa kwanza, mmelikuta kosa kabla halijamfikia mtu.

Ya nne ni kuwaeleza watu. Mfanyakazi akiona hati yake imebadilika bila neno, ataamini ameibiwa, na ana haki ya kuuliza. Karatasi moja yenye mistari mitano, kwa Kiswahili, ibandikwe siku moja kabla ya mshahara: kimebadilika nini, kwa sheria ipi, kuanzia lini, wewe utaona nini, ukiwa na swali muone nani.

Kwa wenye shaka, na kwa Serikali

Najua yatakayosemwa. Atasema mmoja: sisi ni duka la watu wanne, mambo haya ni ya benki. Nami nasema benki ina idara nzima ya sheria inayoweza kuziba pengo. Duka la watu wanne halina mtu wa ziada, na faini moja inaweza kumaliza mtaji. Wajibu wake pengine ni kumi au kumi na tano. Kumi na tano ni kurasa chache za kaunta buku.

Mwingine atasema: tumenunua programu, mwenye programu anabadilisha viwango mwenyewe. Ni vizuri, msaada huo upokeeni. Lakini deni la kodi halidaiwi kwa muuza programu. Wale wafanyakazi watatu wa kukokotoa kwa mkono wanahitajika zaidi pale ambapo mtu wa mbali, asiyekujua, ndiye anayebadilisha hesabu yako usiku umelala.

Na kwa wenye kutunga sheria, kwa heshima, nina ombi. Biashara inayotaka kutii inahitaji muda kati ya kutangazwa na kuanza. Mabadiliko yanayoanza siku mbili baada ya sikukuu yanamweka mwaminifu na mkwepaji katika kundi moja, kwa sababu wote wawili watakuwa wamekosea mwezi huo. Toeni mifano ya kukokotoa pamoja na sheria, kwa lugha ya watu. Tanzania ilipiga hatua mwaka 2021 ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mwenye duka anayeweza kusoma kifungu mwenyewe hahitaji kusubiri tafsiri ya dalali.

Ndugu zangu, hatuna uwezo wa kuzuia sheria zisibadilike, wala si jambo la kutamani. NSSF ya shilingi 200 isingemtunza mzee yeyote, na jedwali la NHIF lilimkata mwenye 10,000 sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kuliko mwenye 200,000. Sheria nyingine zinabadilika kwa sababu zilipaswa kubadilika. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mabadiliko yanamfikia kila mtu kwa kiasi kile kile sheria ilichokusudia, bila kuzidi na bila kupungua, na katika mwezi ule ule.

Basi mkirudi ofisini, msianze na sheria zote. Chukueni hati ya mshahara ya mfanyakazi anayelipwa kidogo kuliko wote kwenu. Kwa kila mstari wa makato, andikeni sheria yake, tarehe yake ya kuanza, na jina la anayeuangalia. Mstari mtakaoshindwa kuujibu ndio mahali pa kuanzia, na mfanyakazi huyo ndiye anayewadai jibu.